Mjomba wa Siku ya Wageni

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakuwahi kupikia watu kumi na wanane huku choo cha nyumba kimeziba. Baba yangu aliwajua wenyeji wa namna hiyo kuliko mtu yeyote mjini kwetu, kwa sababu wakikwama walimpigia yeye, kwa sauti ya chini, wamejifungia chumbani na simu, na neno la kwanza lilikuwa lile lile siku zote: wageni wameshafika.

Baba alikuwa fundi bomba. Mafundi bomba walikuwa wengi, na wengine, tuseme ukweli, walimshinda kwa kuunga mabomba ya nyumba za ghorofa. Lakini kwa kazi ya siku ya wageni hakuwa na mpinzani. Alikuwa na shati jeupe la kazi hiyo tu, suruali iliyopigwa pasi ikanyooka, na mkoba wa ngozi kama wa mwalimu mkuu. Ndani ya mkoba mlikuwa na waya wa kuzibulia uliokunjwa duara, glavu ndefu, kizibuo cha mpira ambacho mpini wake ulifunguka vipande viwili, mifuko ya plastiki, sabuni, taulo na shati la pili. Alibisha hodi mlango wa mbele. Aliwasalimu wageni mmoja mmoja kwa mkono, akakaa, akapokea chai, akauliza habari za watoto ambao hajapata kuwaona. Chai ikifika nusu, alimwuliza mwenye nyumba wapi angeweza kunawa mikono, akachukua mkoba wake akapotea. Dakika kumi baadaye alirudi ananukia sabuni, akamaliza chai, akaaga. Wageni walijua tu kwamba mjomba wa wenyeji alipita kusalimu.

Ndiyo maana mtaani aliitwa Mjomba Mkoba. Mpaka leo kuna familia zisizo na udugu wowote na sisi ambazo picha zao za sherehe zina baba yangu, amesimama mwisho wa mstari, mkoba mkononi, anatabasamu katikati ya ukoo usio wake.

Utaratibu huo aliuanza mwaka wake wa kwanza wa kazi. Aliitwa nyumba moja akaenda kama mafundi wote wanavyokwenda, na ovaroli na ndoo, akapita sebuleni mbele ya wageni waliokuwa wanakula. Alizibua choo vizuri kabisa. Lakini alipotoka alimkuta mama mwenye nyumba jikoni, amegeukia ukuta, analia, na chakula alichokipika tangu alfajiri hakikuguswa tena. Baba alisema siku ile alijifunza kwamba kinachoziba si bomba peke yake. Akaweka pia sharti ambalo sikumwona akilivunja: hakuuliza kamwe nani aliyeziba. Fundi akianza kuuliza hivyo, alisema, ameshakuwa askari.

Mimi sikuipenda kazi ile, na nasema wazi. Sikuonea haya vyoo. Nilisomeshwa na vyoo, nikavaa na nikala kwa vyoo. Nilichokichukia ni Jumatatu. Mtu yule yule aliyemkumbatia Jumapili na kumwita mjomba mbele ya watu, Jumatatu akimwona sokoni alipinda njia, kwa kuwa uso wa baba ulimkumbusha jambo alilotaka kulisahau. Baba alisema ni kawaida, tumwache apite. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi, mama yangu amefariki mwaka uliopita, na nilikuwa natamani kuwarushia nyanya mbovu. Hasira zangu sijui nilizirithi wapi, maana kwake hazikuwapo.

Nikajiapiza. Nikipata nyumba yangu, baba atakuja mgeni wa kweli. Atakaa kiti kizuri, atakula, atashiba, na mlango wa choo ataupita kama watu wengine, kwa haja yake mwenyewe.

Nikaolewa, tukapata nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, choo kimoja cha kukaa kando ya korido nyembamba inayotoka sebuleni kwenda jikoni. Mama wa mume wangu alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache, aliyeshona sare za shule maisha yake yote. Nilimwalika mara tatu akakataa mara tatu: kichwa, mvua, mguu. Nikaamini hanipendi, na nilimwambia hivyo mume wangu kwa maneno makali kuliko yaliyohitajika. Mara ya nne akakubali. Alisema angekuja na mwanawe mkubwa, shemeji yangu, mtu wa ofisi ya bima, ambaye ukipiga chafya tu yeye ameshapata mzaha.

Nikamwita na baba. Nikamwambia nina sharti moja: mkoba abaki nyumbani.

"Hata bila kufungua?" aliuliza.

"Hata bila kufungua, baba. Unakuja kula."

Alikuja Jumapili adhuhuri na lile shati jeupe, hana mkoba, na hakujua mikono aiweke wapi. Mara aishike nyuma, mara aiweke magotini. Nilimkalisha kiti cha pembeni ya dirisha nikamwambia asinyanyuke, na hakunyanyuka. Tulikula vizuri. Shemeji alitupa mizaha, mume wangu akacheka, mama mkwe akatabasamu na kunisifia upishi kwa neno moja ambalo nililibeba kama zawadi. Nilimwangalia baba anavyokula taratibu, mgeni kati ya wageni, nikasema moyoni kwamba nimefika.

Baada ya chakula mama mkwe aliomba kwenda chooni. Nilimwonyesha, nikarudi kumimina chai. Tukasikia maji yamevutwa. Baada ya muda yakavutwa tena. Mara ya tatu baba akakitua kikombe chake, ingawa wengine waliendelea kuzungumza. Wao walisikia maji tu. Sisi wawili, tuliokula na mlio huo miaka mingi, tulisikia kwamba maji hayashuki, yanapanda.

Shemeji alisimama akajinyoosha, akasema naye anakwenda huko mama akitoka. Baba akawa ameshasimama mbele yake.

"Nitangulie mimi, mwanangu," alisema. "Uzee hauna foleni."

Shemeji akacheka akakaa. Nilimfuata baba kwenye korido, nimeshakunja uso, tayari kumwambia arudi kitini. Hakunitazama. Aliinamisha kichwa karibu na mlango, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Mzazi mwenzangu, ni mimi. Usivute maji tena."

Ndani komeo lilitikisika kidogo, likaachwa. Halafu mama mkwe akasema kwamba hawezi kutoka.

"Maji yamefika wapi?"

"Ukingoni."

"Hapo yatabaki usipoyaongeza. Nimeifanya kazi hii miaka arobaini, sijaona nyumba ambayo jambo hili halijatokea. Fungua nikusaidie."

"Uko na nani hapo?"

Baba akanitazama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, birika mkononi.

"Niko peke yangu," alisema.

Nikarudi nyuma mpaka jikoni. Nilisikia komeo likifunguka na minong'ono miwili mitatu, halafu mama mkwe akapita jikoni kuelekea mlango wa uani, ameinamisha kichwa, kipochi amekibana kifuani. Nilijifanya naosha sufuria. Baba alikuwa amemwambia atoke nje akaangalie maua, ili akirudi ndani aonekane alishatoka chooni kitambo.

Kilichotokea mle ndani nilikielewa bila kuambiwa, nilipoona baadaye baba alichokitoa bombani, na nyinyi pia mnaweza kukielewa. Mama mkwe hakuwa hanipendi. Alikuwa na maradhi ambayo wanawake wengi wa umri wake wanayo: mkojo haungoji. Alikuwa anavaa pedi nene, na kwake alijua la kufanya nayo. Kwangu hakuona pa kuitupa, maana mimi mwenye nyumba hodari sikuweka hata ndoo ya takataka chooni, akaona aibu kuibeba mbele ya watu, akaitupa chooni akavuta maji. Pedi ikavimba ndani ya bomba kama unga uliotiwa hamira. Mara zote tatu alizokataa kuja, alichokuwa anakikataa ni hiki hasa.

Kama baba angekuwa na mkoba wake, dakika kumi zingetosha na dunia isingejua. Mimi ndiye niliyemnyang'anya mkoba. Aliniomba mfuko wa plastiki na henga ya waya ya kutundikia nguo, akaunyoosha waya wake, akakunja mikono ya shati lake jeupe akaingia. Henga haikuwa na nguvu ya kutosha. Akaingiza mkono. Maji yakafurika, yakatoka chini ya mlango, yakatambaa koridoni mpaka kwenye zulia la sebuleni, na shemeji akayaona.

Wakaja wote wawili, shemeji na mume wangu, wakasimama pale na soksi zao zimelowa. Mlango ukafunguka. Baba alikuwa amelowa mpaka kiwikoni, na mfuko wa plastiki ameufunga vizuri mkononi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mnisamehe, wanangu," alisema. "Nimeziba choo chenu."

Shemeji akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Fundi bomba wa miaka arobaini kaziba choo cha mwanawe. Mganga kalogwa na hirizi yake. Hata mume wangu, mpole yule, alicheka. Mama mkwe akaingia kutoka uani, shemeji akamsimulia huku anafuta machozi, naye akaweka mkono mdomoni akacheka pia. Mimi nilimwona macho. Mtu hawezi kucheka na macho ya namna ile.

Baba hakuwa ametumia choo siku nzima. Nilimkalisha mimi mwenyewe, najua. Nilifungua mdomo niseme, naye akatingisha kichwa kidogo sana, kama anavyofanya mtu anayemfukuza nzi.

Walipoondoka nilimkuta jikoni anasuuza shati. Nikamwambia nitampigia simu shemeji sasa hivi na nitamweleza ukweli wote, jina lake haliwezi kuchafuliwa nyumbani kwangu. Akaendelea kusuuza.

"Mimi wakinicheka nitacheka nao, yatapita," alisema. "Yule akichekwa hatakanyaga hapa tena. Na ni bibi wa watoto utakaowazaa. Niahidi."

Nilimwambia siwezi. Akasema anajua ni kazi ngumu kwa mtu mwenye ulimi wangu, ndiyo maana ananiomba badala ya kunishauri. Nikaahidi. Sijapata kuahidi kitu kilichonichoma kama kile. Kesho yake alikuja na ndoo ndogo yenye kifuniko cha kukanyaga kwa mguu, akaiweka nyuma ya mlango wa choo, akatia mfuko safi ndani, akaenda zake. Mwezi uliofuata mama mkwe alikuja tena, na uliofuata pia.

Lakini hayakupita. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepata mzaha mzuri na hajui kuuweka chini. Akampa baba jina, Mzee Kizibo. Alilitumia kwenye kila mkusanyiko, akalipeleka ofisini, na mji wetu si mkubwa. Jina likafika kwa wateja wa baba. Sasa fikiria: kazi yote ya baba ilikuwa kuingia nyumba ya watu asijulikane kaja kufanya nini. Mtu huyo atabisha hodi vipi, atasalimu vipi wageni, ikiwa mmoja wao atapaza sauti kutoka kwenye kochi, jamani, Mzee Kizibo huyo, kulikoni huko chooni? Ilitokea mara mbili. Mara ya pili mwenye nyumba hakumwita tena, wala hakuwalaumu wageni wake. Simu za sauti ya chini zikapungua, zikakoma. Baba akapata kibarua cha kutunza mabomba ya shule, akavaa ovaroli kama mafundi wengine. Shati jeupe likabaki limetundikwa. Nilipomwuliza kama linamuuma, alisema miguu sasa inamuuma zaidi. Hakuwa anasema kweli, na nilimpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

Miaka mitatu nilikaa na ahadi ile. Mara ngapi nililing'ata neno likiwa limeshafika kwenye meno! Mume wangu alidhani nimekuwa mtulivu kwa sababu ya ndoa. Na kila mzaha ulipotolewa nilimtazama mama mkwe, nikaona anacheka, nikamwonea hasira. Nalikiri hilo. Nilisema moyoni, mama huyu anajua, na anacheka.

Siku yenyewe tulikuwa kwake, mchana, tumekusanyika sebuleni baada ya kula. Baba alikuwapo, kwa kuwa mama mkwe alikuwa hamwachi nyuma kwenye mwaliko wowote. Binti yangu, aliyekuwa na miaka miwili na ushee na ndiyo kwanza anaunga maneno, alimletea baba kikombe cha plastiki kisicho na kitu, akakishika kwa mikono miwili kwa heshima zote tulizomfundisha.

"Chai yako, Babu Kizibo," akasema.

Hakuna aliyemfundisha kwa ubaya. Alilisikia kwa watu, akadhani ndilo jina. Shemeji alicheka, wengine wakafuata. Baba akakipokea kikombe akanywa chai ya hewa, akashukuru. Nilikuwa nimeshasimama, ahadi au si ahadi, lakini kabla sijasema neno nikamsikia mama mkwe.

"Choo kile nilikiziba mimi."

Hakupaza sauti. Shemeji bado alikuwa na kicheko usoni, akamwuliza choo kipi. Mama mkwe akaeleza, akimtazama yeye na si mtu mwingine, kama anavyoeleza fundi cherehani vipimo. Akasema ana maradhi gani na tangu lini. Akasema alivaa nini, na akakitupa wapi.

"Mama, basi," shemeji alisema. "Yameshapita."

"Sijamaliza. Alibisha mlango akanitoa, akaingia yeye. Mkono wake ndio ulioshika uchafu wangu, akatoka akawaambia ni wake. Mmemcheka miaka mitatu. Na kila mnapomcheka, mimi nacheka na nyinyi, kwa sababu nisipocheka mtaniuliza kwa nini. Nimechoka kucheka."

Baba alikuwa amesimama. Sijapata kumwona na hasira, na sijui kama ile ilikuwa hasira, lakini alikuwa amekibana kile kikombe cha plastiki kwa mikono miwili.

"Mzazi mwenzangu, hukuwa na haja," alisema. "Mimi sikudai."

"Najua hukudai. Kaa."

Akakaa. Mama mkwe akanigeukia mimi. Akasema kwamba siku ile koridoni baba alimdanganya kuwa yuko peke yake, na yeye alikuwa anaona miguu minne kwenye uwazi wa chini ya mlango. "Nilingoja useme," aliniambia. "Mwezi wa kwanza, wa pili. Ulimi wako wote tunaujua, mwanangu. Kila ulipokuja kwangu nilisema leo atasema. Hukusema." Hapo nikawa nalia mbele ya watu bila kujificha, kwa baba yangu, na kwa mwanamke niliyemwonea hasira miaka mitatu kumbe alikuwa anakiona nilichokuwa nakimeza.

Shemeji aliinuka akapiga goti mbele ya baba, akaomba msamaha kwa maneno yasiyonyooka, mtu hodari wa maneno kama yeye. Baba akamshika bega akamwambia ainuke, suruali itachafuka. Binti yangu, ambaye hakuelewa kitu ila kwamba watu wazima wameacha kucheka, akauliza kama babu anataka chai nyingine. Mama mkwe akamwita, akamwambia huyu anaitwa babu tu, na ni fundi. Mtoto akarudia, babu fundi, akaenda kujaza kikombe chake hewa.

Kisha mama mkwe akachukua pedi moja kutoka kwenye kikapu kilichokuwa kando ya kiti chake, ambacho tangu nimjue kilikuwa kinafunikwa na shali. Hakuificha chini ya nguo wala hakuibana kifuani. Aliishika mkononi kama anavyoshika mtu leso, akasimama taratibu kwa sababu ya magoti, akapita katikati yetu wote kwenda chooni kwake. Baba alivuta miguu kumpisha, akaendelea kumuuliza mume wangu habari za kazi.